Swali la "leo au baada ya mwezi" kwa bodaboda: linapima subira au linapima kitu kingine?

MwanafunziSaikolojia_Dar

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya saikolojia. Utafiti wangu unahusu namna vijana wa bodaboda wanavyofikia uamuzi wa kuchukua mikopo ya mtaani, ile tunayoiita kausha damu, wakati vikoba vipo na riba yake inabebeka. Nimewachagua wao kwa sababu siku yao nzima ni maamuzi ya fedha: mafuta, tairi, chakula cha nyumbani, halafu jioni hesabu ya bosi. Wengi wako kwenye mkataba, yaani wanapeleka hesabu kila siku kwa muda waliokubaliana, wakimaliza chombo kinakuwa chao.

Nadharia tete yangu inasema wenye subira ndogo ndio wanaokopa kausha damu. Ili kupima subira nimechukua dodoso la aina inayotumika sana duniani. Unamuuliza mtu: "Upewe 20,000 leo, au 26,000 baada ya mwezi mmoja?" Kisha kiasi cha baadaye kinapanda: 30,000, 40,000, 60,000. Pale anapohama kutoka "leo" kwenda "baada ya mwezi" ndipo anapopata alama yake. Maswali ni ya kufikirika, hakuna anayelipwa chochote.

Nimefanya majaribio ya awali Kimara na Mbagala. Karibu wote wameng'ang'ania "leo" mpaka mstari wa mwisho, hata kwa 60,000. Kwa namna dodoso linavyosomwa, hawa ni watu wasio na subira kabisa. Sasa mmoja wao yuko kwenye mkataba unaozidi mwaka na hajawahi kuruka hesabu. Mwingine ni mweka hazina wa mchezo wa kijiweni kwao, na kwenye mzunguko huu ameomba mwenyewe awe wa mwisho kupokea, ili apate fungu lake shule zikifunguliwa. Mtu wa namna hiyo nimemwandikia alama ya chini kabisa ya subira.

Msimamizi wangu ananiambia niongeze sampuli tu, tofauti zitajitokeza zenyewe. Roho yangu haijatulia. Naogopa kuandika tasnifu inayosema vijana hawa hawana subira, mtu wa sera aisome, aamini, na kesho ionekane mafunzo ya "nidhamu ya fedha" ndiyo dawa yao.

Naomba msaada kwenye mawili. Dodoso la namna hii linapima nini hasa? Na je, nikiongeza swali la "kwa nini umechagua hivyo" nitakuwa nimetatua tatizo?

Takwimu_Tu

Mkuu, kuongeza sampuli kunapunguza kubahatisha, basi. Mizani ikiwa imeinama, upime gunia moja au elfu, jibu litainama vilevile. Na kwako kuna shida nyingine: kama karibu wote wamekwama kwenye "leo", huna tofauti baina ya mtu na mtu, kwa hiyo hakuna cha kuhusisha na mkopo. Hata ukiwa na watu elfu.

Jambo la pili, mpango wako wa uchambuzi uandike kabla hujarudi kijiweni. Mwaka 2011 Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha kitu ambacho kila mwanafunzi wa saikolojia anapaswa kukijua. Mtafiti akijipa uhuru wa mambo manne ya kawaida tu, yaani kuchagua ni kipimo gani kati ya viwili aripoti, kuongeza watu akiona jibu halijakaa vizuri, kuingiza au kutoingiza jinsia kwenye hesabu, na kuacha kundi moja nje, uwezekano wa kutangaza matokeo ambayo hayapo unapanda kutoka asilimia 5 hadi zaidi ya 60. Hakuna aliyeghushi kitu hapo. Ni maamuzi madogo madogo yanayofanywa data ikiwa tayari mezani.

Mwaka 2015 timu iliyoongozwa na Brian Nosek ikachapisha kazi ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Zile za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yanayokubalika kitakwimu. Ziliporudiwa, asilimia 36.

Kwa hiyo nenda kwenye tovuti ya OSF, ambako watafiti husajili mipango yao kabla ya kukusanya data; usajili ni bure. Andika nadharia tete yako, watu wangapi, nani utamtoa na kwa sababu gani, na hesabu utakayoipiga. Unapata tarehe ambayo huwezi kuifuta. Msimamizi wako akija kukwambia baadaye "hebu jaribu kuwatoa wale wa Mbagala", unamwonyesha.

MamaDodoso

Mwanangu, hongera kwa kutotulia. Wengi wanafika hapo ulipofika, wanaona mtu na karatasi haviendani, wanaiamini karatasi.

Nimesimamia wadodosaji tangu enzi za ubao na kalamu ya risasi mpaka sasa tunatembea na tableti, na swali lako la "leo au baada ya mwezi" nimelisikia likiulizwa mashambani, sokoni na mjini. Jibu la "leo" lina mambo kadhaa ndani yake, na subira ni mojawapo tu. Kubwa kuliko yote ni imani. Unamuuliza mtu achague kati ya hela iliyo mkononi na ahadi ya mtu asiyemjua.

Nikupe mfano. Soko la Mawenzi, Morogoro, nilikuwa nimesimama nyuma ya binti mmoja mdodosaji wangu akimhoji mama muuza mchicha. Akasoma swali. Mama akaacha kufunga mafungu, akamtazama kitambulisho kifuani, akauliza: "Na wewe mwezi ujao utakuwepo hapa?" Binti akasema hajui, kazi yao inahama. Mama akasema "Basi nipe leo", akarudi kwenye mchicha wake. Kwenye fomu pakatiwa tiki "leo". Lile swali la mama, ambalo ndilo lilikuwa na elimu yote, fomu haikuwa na mahali pa kuliandika. Tangu siku hiyo fomu zangu zote zina mstari wa "mhojiwa aliuliza nini kabla ya kujibu".

Hili limepimwa kwa watoto pia. Bila shaka umefundishwa jaribio la Walter Mischel kule Stanford: mtoto anawekewa peremende laini mezani, akivumilia mpaka mtu mzima arudi anapewa ya pili. Miaka mingi lilisomwa kama kipimo cha uwezo wa mtoto kujizuia. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake, Chuo Kikuu cha Rochester, wakaongeza kitu kimoja kabla ya peremende. Mtoto aliahidiwa vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Nusu ya watoto waliletewa kweli. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu akiomba radhi. Ndipo peremende ikaletwa. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa, dakika 3. Watoto walikuwa 28 tu, na Takwimu_Tu atanishika hapo, nami ningependa kuuona ukirudiwa kwa watoto wengi. Lakini tofauti ni kubwa mno kuipuuza, na inatuambia tuulize kwanza mtu ameahidiwa nini maishani mwake na kikaja. Halafu mwaka 2018 Watts na wenzake wakalirudia jaribio la Mischel kwa data ya watoto zaidi ya 900. Uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ya baadaye ukashuka hadi karibu nusu ya ule wa zamani, na walipozingatia hali ya familia na makuzi ya mtoto, ukanywea zaidi.

La pili ni shida ya siku hiyo. Mark Dean na Anja Sautmann walitumia data za watu wa Bamako, Mali, waliofuatiliwa wiki hadi wiki, wakaona majibu ya mtu yule yule kwenye maswali haya yanapanda na kushuka kulingana na kipato na matatizo yaliyomkuta. Kama kipimo cha "tabia" kinabadilika mtoto akiugua, basi kuna siku unapima mfuko.

La tatu, watu husoma mchezo wako kwa macho ya maisha yao. Kati ya jamii 15 zilizoshiriki utafiti mkubwa wa michezo ya fedha uliochapishwa 2001, wakiwemo Wahadza na Wasangu wa huku kwetu, walikuwemo Waorma wa Kenya. Jean Ensminger alipowaletea mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, wao wenyewe wakaupa jina: mchezo wa harambee. Wakachangia kama watu wanaochangia harambee. Sasa jiulize, kijana wa boda akisikia "utapewa hela baada ya mwezi", anausoma kama nini?

Kuhusu kuuliza "kwa nini": uliza, ila usilitegemee. Nisbett na Wilson mwaka 1977 waliandika kuhusu watu waliochagua soksi ndefu za kike kati ya jozi nne zilizofanana kabisa. Ya kulia mwisho ndiyo iliyochukuliwa zaidi kuliko nyingine. Walipoulizwa sababu wakataja ubora, ufumaji wa kitambaa, kila kitu isipokuwa mahali ilipokuwa imewekwa. Mtu haongopi, anatafuta sababu inayoingia akilini. Afadhali umwombe aseme kwa sauti anachofikiri wakati anachagua, kabla hajafika kwenye jibu. Rekodi, kwa ridhaa yake.

MwanafunziSaikolojia_Dar

Shikamoo mama. Nimesoma mara kadhaa na nimempelekea msimamizi. Takwimu_Tu, nimefungua akaunti OSF.

Kinachonikwaza ni fedha. Nikitaka kumlipa kila mhojiwa kweli kweli, bajeti yangu ya mwanafunzi haifiki mbali. Na hata nikilipa, nitaondoaje hilo la imani?

Boda_Kimara

Habari zenu. Mimi si msomi, naendesha boda, nimeona Kimara imetajwa nikaingia kusoma. Naomba niseme.

Ukija kijiweni ukaniuliza 20,000 leo au 60,000 mwezi ujao, kitu cha kwanza najiuliza wewe ni nani. Sisi kila siku tunapokea meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Tumeandikishwa kwenye madaftari mengi, namba zetu za simu zimechukuliwa, hatujaona kitu.

Pili, umekuja saa ngapi? Ukinikuta saa kumi na mbili jioni hesabu haijatimia, hata 10,000 nachukua. Njoo Jumapili asubuhi nimeshaweka mafuta, tutaongea lugha nyingine.

Tatu, dodoso mnalifanya watu wamekaa hapo hapo kwenye benchi. Nikisema mbele ya wenzangu "mimi nasubiri, sina haraka", wote wamesikia nina hela. Kabla jua halijazama mtu ameshanikopa. Kwa hiyo nasema leo, nipe leo.

Na hilo la kausha damu, ndugu mtafiti, naomba ulisikilize vizuri. Mimi nimekopa. Injini ilikufa, nikakaa bila kazi. Kwenye mkataba wangu ukishindwa kupeleka hesabu siku kadhaa mfululizo bosi anachukua chombo, na yote uliyolipa nyuma yamepotea. Kikoba kinatoa mkopo siku ya kikao tu, na kikao kilikuwa mbali. Yule wa kausha damu anatoa saa hiyo hiyo. Nikachukua, nikatengeneza, nikaendelea kupeleka hesabu. Nilikopa kwa sababu nilikuwa nangoja pikipiki iwe yangu. Ningekuwa sina subira ningemrudishia bosi ufunguo siku ile.

Takwimu_Tu

Boda_Kimara, asante sana kaka. Mwanafunzi, umeliona hilo la mwisho? Nadharia tete yako inasema subira ndogo huleta mkopo. Yeye anakueleza njia inayokwenda kinyume: mwenye kitu cha muda mrefu cha kulinda ndiye anayekopa kikiyumba. Njia zote mbili zikiwepo kwa wakati mmoja, zinafutana kwenye hesabu yako, utaona sifuri na utaandika "hakuna uhusiano". Tenganisha walio kwenye mkataba na wasio kwenye mkataba, na uandike hivyo kwenye mpango kabla ya data.

MamaDodoso

Marahaba mwanangu. Na wewe Boda_Kimara, ulichoandika hapo kinatosha sura nzima ya tasnifu. Mwanafunzi, mwombe awe mshauri wako wa dodoso, umlipe muda wake kama unavyomlipa mdodosaji.

Tuje kwenye fedha. Huhitaji kumlipa kila mtu kila jibu. Kila mhojiwa anachagua kwenye mistari yote akijua kwamba mmoja kati ya watu kadhaa atachaguliwa kwa bahati, na mstari mmoja wa majibu yake utalipwa ulivyo. Bahati nasibu ifanyike mbele yake: vikaratasi kwenye mfuko, achote mwenyewe. Akiona mkono wako hauingii humo, nusu ya kazi umeimaliza. Wenye bajeti kubwa wanalipa wote, na Busara pale Nairobi, kituo cha utafiti wa tabia kilichoanza 2012, kimewazoesha washiriki kupokea kwa M-Pesa. Wewe anza na unachoweza.

Kuhusu imani, "leo" iondoe kabisa kwenye dodoso. Muulize "keshokutwa" au "mwezi mmoja baada ya keshokutwa". Hapo hela zote mbili ni ahadi, zote zinatoka kwako, zote zinaingia kwenye simu, na zote tuma na ya kutolea, maana makato yakiwa upande mmoja umeshaharibu kipimo. Asiyekuamini hatakuamini pande zote mbili. Andreoni na Sprenger, kwenye kazi yao ya 2012 Marekani, waliwapa washiriki kadi yenye namba ya profesa mwenyewe, wakiambiwa wapige malipo yasipofika. Wewe wape namba yako na barua ya mtendaji wa kata, na mwenyekiti wa kijiwe awe na nakala. Kisha lipa kundi la kwanza lile la keshokutwa kabla hujaendelea na vijiwe vingine. Habari itatembea barabara nzima ya Morogoro kabla yako, kwa hiyo andika tarehe ya kila mahojiano, ili uone kama waliokuja baada ya malipo ya kwanza wanajibu tofauti. Wakijibu tofauti, umepima imani, na hilo ni tokeo la kuripoti.

Saa za kuhoji zipangwe kwa bahati, nusu asubuhi nusu jioni. Usijipangie kwenda unapopata nafasi. Kila mtu muulize kama hesabu ya siku hiyo ameshaitimiza, na kama wiki hiyo kuna ugonjwa, msiba au chombo kibovu. Mtoe kwenye benchi. Kaeni pembeni, au mpe tableti abonyeze mwenyewe bila wewe kuona. Nenda mara ya pili kwa baadhi yao baada ya wiki chache, uwaulize yale yale. Mwaka 2017 Frey na wenzake waliwapima watu zaidi ya 1,500 kwa vipimo 39 vya kuthubutu hatari. Mtu alipopimwa tena baada ya muda, yale majaribio ya kuchagua chagua yaliyumba sana kuliko maelezo yake mwenyewe ya anavyoishi. Ndiyo maana nakusihi usitegemee dodoso peke yake: waombe wenye daftari la hesabu wakuonyeshe, na mweka hazina wa mchezo akueleze, bila kutaja majina, wangapi huomba kupokea mwanzo na wangapi mwisho. Kijana aliyeomba fungu la mwisho ameshajibu swali lako kwa hela yake.

Majibu ya majaribio ya awali usiyachanganye na data kuu. Yaripoti yalivyo, kwenye sehemu yake, na ueleze kwa nini ulibadilisha dodoso baada ya kuyaona. Mtahini mwenye haki atakuheshimu kwa hilo.

Ukishaandika mpango OSF, weka kiungo hapa kabla hujaubonyeza "wasilisha". Nitausoma, hasa pale utakaposema nani utamtoa kwenye uchambuzi. Na Boda_Kimara ausome maswali, atuambie lipi kijiweni litachekwa.